Mwongozo kamili wa poka kwa anayeanza: kusoma karata, kuweka dau na kujua wakati wa kujitoa

Wanaojifunza poka hukwama karibu wote mahali pamoja. Wanakariri orodha ya mikono kumi kwa usiku mmoja, wanaketi mezani, na raundi ya kwanza ya madau ikianza hawajui zamu ni ya nani, wanadaiwa kiasi gani, wala kwa nini watu wote wanawakodolea macho. Kuanzia hapo wanafuata kila dau kwa kuogopa kupitwa, na tokeni zinakwisha kabla hawajaelewa kilichotokea.

Kwa hiyo hapa mambo yamepangwa kwa mfuatano mwingine. Utacheza kwanza karata zikiwa wazi, bila dau lolote. Kisha utajifunza madau. Ujanja unakuja mwisho kabisa. Aina tunayoitumia ni Texas Hold'em, kwa kuwa ndiyo utakayoikuta kwenye meza nyingi.

Maneno matatu tuelewane mapema. Mkono ni karata tano bora unazoshindana nazo. Duru ni mchezo mmoja, kuanzia kugawa karata hadi mtu kuchukua tokeni. Fungu ni tokeni zote zilizorundikana katikati ya meza.

## Vitu vya kuandaa

- Pakiti moja ya karata 52. Toa jokari zote, kisha hesabu. Pakiti yenye karata 51 huharibu kila hesabu utakayofanya baadaye, na hakuna atakayegundua mapema.
- Tokeni 100 kwa kila mchezaji. Si lazima ziwe za dukani. Punje za maharage, vifungo vya nguo, njiti za kiberiti, chochote kinachohesabika kwa urahisi.
- Kitu kimoja cha kumtambulisha mgawaji, kama kifuniko cha chupa. Kitazunguka meza nzima, usikidharau.
- Karatasi yenye orodha ya mikono, iwekwe mezani kila mtu aione.
- Watu wanne hadi sita. Meza inaweza kubeba tisa au kumi, lakini wageni wakiwa wengi kila mmoja anangoja sana na kujifunza kidogo.

Pesa haimo kwenye orodha hii, wala haijasahaulika. Anayejifunza kwa pesa hulipia makosa ambayo angeyafanya bure. Isitoshe, kucheza kwa pesa kuna sheria na masharti ya umri yanayotofautiana nchi kwa nchi. Siku ukifika huko, jua sheria ya mahali ulipo, tenga kiasi ambacho hata kikipotea chote hakikunyimi usingizi, na usikope kamwe ili kufidia ulichopoteza.

Kuhusu alama: kopa ni moyo mwekundu, uru ni msambamba mwekundu, shupaza ni jani jeusi lenye ncha juu, na pau ni ile nyeusi yenye vishada vitatu, ambayo wengine huiita maua. Kila alama ina karata 13, kuanzia 2 hadi 10, kisha J, Q, K na A.

## Hatua ya 1: Jua kipi kinashinda kipi

Kutoka mkono wenye nguvu kuliko yote hadi ulio dhaifu:

1. Mfululizo wa kifalme: 10, J, Q, K, A za alama moja.
2. Mfululizo wa alama moja: kwa mfano 5, 6, 7, 8, 9 zote za pau.
3. Nne sawa: Q nne na karata yoyote.
4. Tatu kwa mbili: 8 tatu na K mbili.
5. Alama moja: karata tano za alama moja, zisizofuatana.
6. Mfululizo: karata tano zinazofuatana, alama mchanganyiko.
7. Tatu sawa.
8. Jozi mbili.
9. Jozi moja.
10. Karata ya juu: huna chochote, kwa hiyo unashindana kwa karata yako kubwa.

Mpangilio huu haukutoka hewani. Karata 52 zinaweza kutoa michanganyiko 2,598,960 ya karata tano, na mkono ulio adimu zaidi ndio unaoshinda. Jozi moja hutokea kwa njia 1,098,240. Mfululizo una njia 10,200, alama moja 5,108, tatu kwa mbili 3,744, na nne sawa 624 tu. Mtu akibisha kwamba mfululizo lazima ushinde alama moja kwa sababu "ni mgumu kuupata", mwonyeshe namba hizo mbili.

Makosa ya hatua hii ni yale yale kila mara. A inaweza kuanza mfululizo (A, 2, 3, 4, 5) au kuumaliza (10, J, Q, K, A), lakini haizunguki: Q, K, A, 2, 3 si kitu. Kwenye A, 2, 3, 4, 5 ile A imekuwa ndogo, hivyo mfululizo huo ndio wa chini kuliko yote na 2, 3, 4, 5, 6 unaushinda. Tena, katika mchezo huu hakuna alama inayoizidi nyingine. Shupaza si mkubwa wa kopa. Waliokulia kwenye michezo ya turufu huchelewa sana kuliacha hili.

Umefaulu ukiweza kufunika orodha na kuitaja kutoka chini kwenda juu. Juu kwenda chini kila mtu anaweza.

## Hatua ya 2: Gawa karata zikiwa wazi, bila dau

Changanya, mpe kila mtu karata mbili, na zilazwe wazi. Kisha fungua karata tano katikati ya meza. Kila mchezaji ana karata saba za kuchagua: mbili zake na tano za wote. Mkono wake ni karata tano bora kati ya hizo saba. Anaweza kutumia zake zote mbili, moja, au asitumie hata moja.

Sasa kila mmoja ataje mkono wake kwa sauti, na wengine wamsahihishe. Fanyeni hivyo mara ishirini. Ndiyo, ishirini. Zoezi hili linachosha baada ya mara ya kumi, na hapo ndipo jicho linapoanza kuona bila kuhesabu kwa kidole.

Jaribu hizi tatu kabla hujaendelea.

La kwanza. Una 9 na 8 za kopa. Mezani kuna 10 ya kopa, J ya pau, Q ya shupaza, 2 ya kopa na 5 ya kopa. Wengi hutaja mfululizo wa 8 hadi Q na kuridhika. Hesabu kopa: 10, 9, 8, 5, 2. Una alama moja, na ndiyo yenye nguvu zaidi.

La pili. Mezani kuna K, K, 9, 9, 5. Wewe una A na 4, rafiki yako ana 8 na 8. Hakuna mwenye alama moja. Nani kashinda? Rafiki atarukaruka kwa jozi zake tatu, lakini mkono ni karata tano, na jozi tatu hazipo katika poka. Yeye ana K, K, 9, 9 na 8. Wewe una K, K, 9, 9 na A. Umeshinda ukiwa na karata mbili zisizohusiana kabisa. Hiyo karata ya tano tuiite karata ya kando. Mafungu mengi kuliko unavyodhani huamuliwa nayo.

La tatu. Mezani kuna 5, 6, 7, 8, 9 za alama mchanganyiko, na hakuna mwenye 10 wala mwenye alama moja. Wote waliobaki wana mkono mmoja, kwa hiyo wanagawana fungu sawasawa, hata kama mmoja ameshika A mbili.

Umefaulu pale wote mezani mnapokubaliana mshindi ndani ya sekunde chache, bila kuangalia karatasi. Msivuke hapa kabla ya hapo. Asiyeweza kusoma karata zilizo wazi hawezi kukisia zilizofunikwa.

## Hatua ya 3: Mifupa ya madau

Hapa ndipo wengi hupotea, basi twende polepole.

Madau ya lazima. Kabla ya karata kugawiwa, mtu wa kushoto kwa mgawaji anaweka dau dogo, na anayemfuata anaweka dau kubwa, ambalo kwa kawaida ni mara mbili ya dogo. Kwa tokeni 100, tumieni 1 na 2. Sababu yake ni nyepesi: bila madau haya kila mtu angekaa akisubiri A mbili, na duru isingekuwa na cha kugombewa. A mbili huja kwa wastani mara moja katika duru 221. Mngezeeka mezani.

Raundi nne. Karata mbili za siri hugawiwa, kisha madau. Karata tatu hufunguliwa mezani (hizi huitwa flopu), kisha madau. Ya nne, madau. Ya tano, ambayo wachezaji huiita riva, na madau ya mwisho. Kabla ya kila ufunguzi mgawaji huondoa karata moja ya juu ikiwa imefunikwa, ili kama mtu aliiona au iliwekwa doa, isimfaidishe.

Nani anaanza. Raundi ya kwanza huanzwa na mtu wa kushoto kwa dau kubwa. Raundi tatu zinazofuata huanzwa na aliye karibu zaidi kushoto kwa mgawaji kati ya waliobaki. Mgawaji huongea mwisho, na hiyo ni faida kubwa sana, tutaiona. Duru ikiisha, kifuniko cha chupa kinasogea kiti kimoja kushoto.

Unachoweza kufanya zamu yako ikifika:

- *Kugonga meza*, yaani kupisha zamu bila kuweka kitu. Inaruhusiwa tu ikiwa hudaiwi chochote katika raundi hiyo.
- *Kuweka dau*, kama hakuna aliyeweka.
- *Kufuata*, yaani kutoa kiasi kile kile kilichowekwa.
- *Kupandisha.* Nyongeza isipungue nyongeza au dau lililotangulia. Mtu akiweka 10, ukipandisha fika angalau 20.
- *Kujitoa.* Unasukuma karata zikiwa zimefunikwa, na ulichokwisha kuweka kinabaki kwenye fungu.

Raundi inaisha lini? Kariri hili kama namba yako ya simu. Raundi inaisha pale mambo mawili yanapotimia kwa pamoja: kila aliyebaki ameongea angalau mara moja, na wote waliobaki wameweka kiasi sawa (isipokuwa aliyemaliza tokeni zake zote). Mmoja akipandisha, wengine wote wanadaiwa upya, na duara linaanza kwake.

Kuna mtego mmoja hapo. Katika raundi ya kwanza, ikiwa wote wamefuata tu dau kubwa bila kupandisha, aliyeweka dau kubwa bado hajaongea. Ile 2 aliitoa kwa lazima, si kwa hiari. Ana haki ya kugonga au kupandisha. Nimeona meza nyingi zikifungua flopu huku mtu huyo amefungua mdomo.

Onyo: weka dau kwa mwendo mmoja, au litamke kwanza. Kusukuma tokeni tano, kutazama uso wa mwenzako, kisha kuongeza kumi ni kosa hata pale ambapo hukukusudia ulaghai. Na usijitoe kabla ya zamu yako. Unawapa walio mbele habari ya bure na kumwumiza ambaye hajakukosea.

## Hatua ya 4: Duru moja, tokeni kwa tokeni

Chukua tokeni na uifuate mezani kwa mikono, usiisome tu. Wachezaji ni wanne, kila mmoja ana 100. Asha ndiye mgawaji. Kushoto kwake ni Baraka (dau dogo, 1), kisha Chiku (dau kubwa, 2), kisha Daudi.

Kabla ya flopu. Daudi ndiye wa kwanza. Ana 9 na 4, anajitoa. Asha ana A na Q, anapandisha hadi 6. Baraka anajitoa, tokeni yake 1 imekwenda. Chiku ana K na Q, anaongeza 4 kufikia 6. Fungu: 6 + 6 + 1 = 13.

Flopu: Q, 7, 3, kila moja na alama yake. Chiku anaongea kwanza, anagonga. Asha anaweka 8, Chiku anafuata. Fungu ni 29.

Ya nne: 7. Chiku anagonga. Asha anaweka 15, Chiku anafuata. Fungu ni 59.

Riva: 2. Chiku anagonga tena, Asha anaweka 20, Chiku anafuata. Fungu ni 99.

Kufunua. Aliyeweka dau la mwisho huonyesha kwanza, kwa hiyo Asha analaza zake: Q, Q, 7, 7 na A. Chiku ana Q, Q, 7, 7 na K. Karata ya kando imeamua. Asha anabaki na 150, Chiku 51, Baraka 99, Daudi 100. Jumla 400. Hesabu yenu isipofika 400 kuna mtu hakulipa au kuna punje iliyoanguka chini ya meza.

Angalia kilichomgharimu Chiku. Hakukosea kusoma karata. Alikuwa na jozi bora ya mezani tangu flopu. Alichokosa ni kujiuliza, mara tatu mfululizo: mtu aliyepandisha mwanzoni na anayeendelea kuweka dau ana nini ambacho K na Q inakishinda? Daudi aliyetupa 9 na 4 hakupoteza hata tokeni moja, na katika duru hii alicheza vizuri kuliko wote isipokuwa Asha.

Umefaulu mkimaliza duru kumi bila mtu kuuliza "zamu ya nani?"

## Hatua ya 5: Chagua karata za kuanzia

Kosa la gharama kubwa kwa anayeanza ni kucheza kila anachopewa. Nalielewa. Umekuja kucheza, hukuja kutazama. Lakini karata mbili zisizo jozi hupata jozi kwenye flopu takriban mara moja katika tatu tu. Mara mbili kati ya tatu umekosa, na bado kuna raundi tatu za kulipa.

Kwa meza ya watu sita, anza hivi (viti vya mwisho ni vya wanaoongea mwisho baada ya flopu, yaani mgawaji na aliye kabla yake):

- Kiti chochote: jozi za 10 na kuendelea, A na K, A na Q. Pandisha.
- Viti vya kati na vya mwisho, ongeza: jozi za 5 hadi 9, A na J, A na 10, K na Q, K na J.
- Viti vya mwisho tu, ongeza: jozi ndogo, na pia, zikiwa za alama moja, Q na J, J na 10, 10 na 9, au A na karata yoyote.

Zilizobaki tupa. Hata ukiwa kiti bora, orodha hii inakupa duru 16 hivi za kucheza katika kila 100. Kwenye kiti cha mapema ni 5 hivi. Ukijikuta unacheza nusu ya duru, hufuati mwongozo, unafuata hamu.

Kwa nini kiti kibadilishe karata? Anayeongea mwisho ameona wengine wote wamefanya nini kabla ya kutoa hata tokeni moja. Anayeongea kwanza anatembea gizani. K na J ya mgawaji, wote wakiwa wamejitoa, na K na J ya mtu mwenye watano nyuma yake ni vitu viwili tofauti.

Onyo juu ya karata za alama moja. J na 3 za kopa zinapendeza machoni. Karata mbili za alama moja hukamilisha alama hiyo mara 6 hivi tu katika 100, hata ukiona karata zote tano. Alama moja ni nyongeza kwa karata nzuri. Haiokoi mbovu.

Unapoingia ukiwa wa kwanza, pandisha hadi mara tatu ya dau kubwa badala ya kufuata kimyakimya. Kupandisha kunaweza kuwaondoa wote hapo hapo. Kufuata hakumwondoi yeyote.

## Hatua ya 6: Pima bei kabla ya kufuata

Mara nyingi utakuwa hujakamilisha mkono ila umekaribia. Swali la kujiuliza hapo si "itakuja?" bali "bei ni nafuu?"

Mfano. Una A na 6 za kopa. Mezani kuna K na 9 za kopa, 4 ya pau, 2 ya uru. Imebaki karata moja. Kopa ni 13, umeziona nne, kwa hiyo tisa zinakufaa kati ya 46 usizozijua. Hiyo ni karibu asilimia 20.

Njia ya haraka: hesabu karata zinazokufaa, zidisha kwa 2, unapata asilimia ya karata moja ijayo. Tisa mara mbili ni 18. Si kamili, inatosha.

Sasa bei. Fungu lina 30, mpinzani anaweka 15. Ukifuata, fungu litakuwa 60 na 15 ni zako. Unalipa asilimia 25 ya fungu kwa nafasi ya asilimia 20. Ni ghali, jitoe. Angeweka 6 tu, ungelipa 6 katika 42, asilimia 14. Hapo fuata, tena bila kusita.

Utasikia watu wakizidisha kwa 4 baada ya flopu. Ni sahihi pale tu utakapoziona karata zote mbili bila kulipa tena, kwa mfano mpinzani ameshaweka tokeni zake zote. Vinginevyo ni hesabu ya kujidanganya, kwa sababu kwenye ya nne utadaiwa upya.

Umefaulu ukiweza kujitoa ukiwa umebakiza karata moja kupata mkono mkubwa, kisha ile karata ifunguliwe mezani, na usijute. Ukweli ni kwamba utajuta kidogo.

## Hatua ya 7: Mkwara, kwa kipimo

Kila anayeanza anataka kupiga mkwara siku ya kwanza, kuweka dau kubwa akiwa mikono mitupu. Mkwara una hesabu yake pia. Ukiweka 15 kwenye fungu la 30, unahatarisha 15 kupata 30, basi lazima mpinzani ajitoe angalau mara moja katika tatu ili usipoteze.

Kwa hiyo angalia mtu kabla ya karata. Asiyejitoa kamwe hapigwi mkwara, kama ambavyo kiziwi hatishwi kwa kelele. Mbele ya watu watatu au wanne, sahau kabisa, mmoja wao atakuwa na kitu. Mkwara bora kwa anayeanza ni ule wa nusu: huna kitu bado, lakini una karata nane au tisa zinazoweza kukuokoa ukifuatwa.

Tahadhari moja kwa mnaocheza kwa maharage. Watu hawajitoi kwa sababu maharage hayaumi, na mkwara haujifunziki. Wekeni adhabu ndogo. Anayefilisika wa kwanza aoshe vyombo. Utashangaa watu wanavyoanza kujitoa ghafla.

## Mambo yanayozua ugomvi mezani

Tokeni zimekwisha katikati ya duru. Hulazimiki kujitoa. Unaweka ulizonazo zote na kubaki hadi mwisho, ila unashindania kiasi ulichoweza kulingana nacho tu. Tuseme Asha anaweka 20 zake zote, Baraka 50, Chiku 80. Fungu kuu ni 20 mara tatu, yaani 60, na wote watatu wanalipigania. Fungu la pembeni ni 30 mara mbili, yaani 60, la Baraka na Chiku pekee. Zile 30 za juu za Chiku anarudishiwa. Asha akiwa na mkono bora anachukua 60, na fungu la pembeni linakwenda kwa bora kati ya wale wawili.

Ametaja mkono vibaya. Mtu anasema "jozi mbili" kumbe ana mfululizo. Zikishalazwa wazi mezani, karata zenyewe ndizo zinazohesabiwa, si mdomo wake. Akizisukuma zimefunikwa zikachanganyika na zilizotupwa, amepoteza.

Aliyejitoa anaongea. "Loo, nilikuwa na 7!" Kauli hiyo imebadilisha duru ya watu wengine. Mnyamazisheni kwa upole mara ya kwanza.

Wamebaki wawili. Hapa utaratibu unageuka, na hata wazoefu hubishana. Mgawaji ndiye anayeweka dau dogo, na mwenzake dau kubwa. Kabla ya flopu mgawaji anaongea kwanza. Kuanzia flopu hadi riva anaongea mwisho.